Je, Farouk alikuwa Mfalme wa Sudan kweli?

Swali: Nimerithi albamu ya stempu ya marehemu babu. Humo mna stempu za Misri zenye picha ya Mfalme Farouk. Nyingine ziko kama zilivyochapwa, nyingine zimeongezwa juu yake maneno ya Kiarabu ambayo nimesomewa kuwa ni "Mfalme wa Misri na Sudan, 16 Oktoba 1951", na chache uso wa mfalme umefunikwa kwa mistari mitatu. Shuleni tulifundishwa kwamba Sudan ilikuwa chini ya Waingereza. Sasa Farouk alikuwa Mfalme wa Sudan kweli? Na cheo hicho kilianza lini na kikaisha lini?

Jibu: Kwa sheria ya Misri, ndiyo. Kwa Sudan yenyewe, hapana. Cheo cha "Mfalme wa Misri na Sudan" kilianza 16 Oktoba 1951 na kikafutwa pamoja na ufalme wenyewe 18 Juni 1953: miezi ishirini na siku mbili. Farouk alikishika miezi tisa na siku kumi tu. Muda uliobaki kilikuwa cha mwanawe, Ahmad Fuad, ambaye hata kutambaa alikuwa bado.

Tuanze na stempu, maana ndizo ulizo nazo mkononi. Maneno uliyosomewa yaliongezwa Januari 1952 juu ya akiba ya stempu za Farouk zilizokwisha kuchapwa. Serikali ilikuwa na haraka ya kukitangaza cheo kipya, na kuchora stempu mpya kunachukua miezi. Kwa hiyo stempu yenye maneno hayo lakini ikawa na mhuri wa posta wa 1950, au hata wa Novemba 1951, ina kasoro: maneno yameongezwa na mtu wa mtaani. Chukua kioo cha kukuzia utazame pale wino wa mhuri unapokutana na wino wa maandishi. Maandishi halali yako chini ya mhuri, kwa kuwa stempu iliongezwa maneno kwanza, ikauzwa, ndipo ikagongwa. Ukiona maneno yamelala juu ya mhuri, stempu ilitumika kwanza kisha ikaongezwa maneno. Mistari mitatu ni ya 1953, ufalme ulipofutwa na posta ikaamua kumalizia karatasi iliyobaki ghalani bila kuonyesha uso wa mfalme. Ndiyo maana utakuta mistari kwenye stempu za kawaida na pia kwenye zile zenye cheo cha Sudan. Usiichanganye na kazi ya kalamu: mistari ya posta imenyooka, ina nafasi sawa, na inapita usoni.

Kuna aina nyingine mbili zinazochanganya wengi. Ukiona neno PALESTINE kwa herufi za Kizungu juu ya picha ya Farouk, hiyo ni stempu ya kuanzia 1948 iliyotumika Gaza chini ya utawala wa Misri, haihusiani na Sudan. Na ukikuta stempu ya zamani zaidi yenye piramidi au sanamu ya Sphinx, bila uso wa mtawala yeyote, iliyoandikwa kwa Kiarabu "Ufalme wa Misri, 15 Machi 1922", umepata nduguye mkubwa wa stempu zako. Mbinu ni ileile, tarehe tofauti: siku hiyo ndipo Misri ilipotangazwa ufalme.

Sasa angalia stempu za Sudan za miaka hiyohiyo, kama babu alikuwa nazo. Mna mpanda ngamia wa posta, mchoro uliotumika tangu 1898. Hakuna Farouk wala maneno ya 16 Oktoba. Posta ya Khartoum haikuongeza neno hata moja, kwa sababu amri ya Kairo haikufika huko. Kitu pekee cha Farouk kilichozunguka Sudan kila siku ni fedha, maana Wasudani walitumia pauni ya Misri hadi baada ya uhuru wao. Mtu wa Omdurman aliweza kununua chai kwa sarafu yenye uso wa mfalme ambaye hakuwa na mamlaka ya kumteua hata karani wa wilaya.

Ilikuwaje basi neno "Sudan" likaingia kwenye cheo? Hapo lazima turudi hadi kwa Muhammad Ali, mwanzilishi wa ukoo huu, aliyeishika Misri mwaka 1805. Vitabu vingi vya mtandaoni humwita khedivu au hata mfalme. Kisheria alikuwa wali, gavana wa jimbo la dola ya Uthmania, mwenye daraja la pasha. Firmani (amri rasmi) za Sultani za mwaka 1841 zilimpa mambo mawili yasiyo sawa. Misri ilikuwa yake na kizazi chake kwa urithi. Nubia, Darfur, Kordofan na Sennar alipewa azitawale, lakini bila haki ya kurithisha. Tena Darfur wakati huo ilikuwa usultani unaojitegemea. Jeshi la Misri halikuiteka hadi 1874. Jina lilitangulia ardhi kwa miaka thelathini na mitatu, na tabia hiyo haikuuacha ukoo huu mpaka mwisho.

Ukiona sehemu fulani Farouk au baba yake, Fuad, ameandikwa "Mfalme wa Misri, Mtawala wa Nubia, Sudan, Kordofan na Darfur", mizizi yake ni orodha hiyo ya 1841. Ila cheo hicho kirefu hakimo ndani ya katiba ya ufalme. Sababu yake nitaieleza, kwa kuwa ndiyo kiini cha swali lako.

Mjukuu wa Muhammad Ali, Ismail, aliyetawala 1863 hadi 1879, hakutosheka kuitwa wali kama magavana wengine. Mwaka 1866 alipata firmani ya kurithiwa na mwanawe mkubwa badala ya mkubwa wa umri katika ukoo, na kodi ya kila mwaka kwa Istanbul ikapandishwa karibu maradufu. Inaelezwa kwamba alitaka cheo cha Aziz, kile cha Aziz wa Misri katika kisa cha Nabii Yusuf. Tatizo ni kwamba Sultani mwenyewe aliitwa Abdulaziz, na mtumwa wa Aziz angekuwaje bwana wa Aziz? Juni 1867 akapewa cheo cha khedivu, neno la Kiajemi lenye maana ya bwana mkubwa, ambalo ukoo wake ulikuwa ukijiita kienyeji tangu zamani. Lilikuwa la heshima, lilimpandisha juu ya magavana wengine wote, na halikumfanya awe huru.

Sisi watu wa pwani khedivu huyu nusura atuguse. Mwaka 1875 alituma meli chini ya McKillop Pasha, zikatua Barawa na Kismayu, mahali palipokuwa na ngome za Sayyid Barghash wa Zanzibar. Barghash alilalamika kwa Waingereza, London ikambana Ismail, na wanajeshi wa Misri wakaondoka baada ya miezi michache. Miaka minne baadaye, Juni 1879, Ismail mwenyewe aling'olewa kwa simu ya maandishi kutoka Istanbul iliyoandikwa kwa "khedivu wa zamani". Hapo ndipo unapoona thamani halisi ya cheo cha kupewa: aliyekitoa alikifuta kwa waya.

Waingereza waliingia 1882 na hawakubadilisha cheo. Khedivu alibaki khedivu, Sultani wa Istanbul alibaki bwana wake kwa jina, na balozi mdogo wa Uingereza akawa mwenye kauli. Sudan ilipotea mikononi mwa Mahdi, kiongozi wa dini wa Sudan aliyeasi, ikatekwa upya na jeshi la Misri na Uingereza, na 19 Januari 1899 Lord Cromer wa Uingereza na Boutros Ghali, waziri wa mambo ya nje wa Misri, wakatia saini mkataba wa utawala wa pamoja. Usome mkataba huo kwa makini kabla ya kubishana na mtu. Bendera mbili zipepee pamoja. Gavana mkuu ateuliwe kwa amri ya khedivu, lakini kwa pendekezo la serikali ya Uingereza, na asiondolewe bila ridhaa yake. Kwa hiyo Misri ilikuwa na sahihi kwenye karatasi na Uingereza ilikuwa na mtu kwenye kiti. Magavana wakuu wote hadi mwisho walikuwa Waingereza. Mkataba haukusema waziwazi enzi ya Sudan ni ya nani. Ukimya huo ndio uliozaa ugomvi wa nusu karne.

Vita vya 1914 vililazimisha mabadiliko. Istanbul ikawa adui wa London, na haikuwezekana tena mtawala wa Misri awe chini ya Sultani wa adui. Desemba 18 Misri ikatangazwa nchi lindwa ya Uingereza. Siku iliyofuata Khedivu Abbas Hilmi, aliyekuwa Istanbul, akavuliwa cheo, na ami yake Hussein Kamel akawekwa na kuitwa Sultani wa Misri. Cheo hicho kililingana na cha Istanbul, jambo lililokata uzi wa zamani bila kuhitaji maelezo. Lakini heshima yake ilipimwa: hakuitwa kwa tamko la wafalme kamili.

Hapa kuna njia rahisi ya kukisia umri wa waraka wa Kiarabu usio na tarehe. Khedivu hutajwa kama al-Janab al-Ali. Sultani wa 1914 hadi 1922 ni Sahib al-Adhama. Kuanzia Machi 1922 ni Sahib al-Jalala, na hapo ndipo tunapomwita kwa haki mfalme. Sarafu nazo husaidia. Kabla ya 1914 zilibeba alama ya Sultani wa Istanbul, kisha likaja jina la Hussein Kamel na maneno "Usultani wa Misri", na baada ya 1922 zikaandika Fuad wa Kwanza, Mfalme wa Misri. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba Fuad alikuwa mfalme tangu 1917. Mwaka huo alirithi usultani baada ya nduguye kufariki na mwana wa nduguye, Kamal al-Din, kukataa kiti. Ufalme ulikuja miaka mitano baadaye.

Ulikujaje? Mapinduzi ya umma ya 1919 chini ya Saad Zaghlul yaliifanya nchi isitawalike. Uingereza ikaamua kutangaza yenyewe, 28 Februari 1922, kwamba Misri ni huru, huku ikijiwekea mambo manne: njia za mawasiliano ya himaya yake, ulinzi, maslahi ya wageni na jamii za wachache, na Sudan. Machi 15 Fuad akatangaza kwamba nchi yake ni dola huru na kwamba anachukua cheo cha Mfalme wa Misri. Wa Misri tu.

Kamati iliyoandika katiba ilitaka zaidi. Rasimu yake ilimwita mfalme "wa Misri na Sudan". Allenby, mwakilishi wa Uingereza, alimpa Fuad vitisho vya wazi, na mapema 1923 maneno hayo yakaondolewa. Serikali ya Nasim Pasha ikajiuzulu. Katiba iliyotoka 19 Aprili 1923 ikabeba badala yake kifungu cha 160, ambacho kwa maoni yangu ni miongoni mwa vifungu vya ajabu zaidi katika katiba yoyote ya kifalme: cheo cha mfalme wa Misri kitaamuliwa baada ya wajumbe wenye mamlaka kukubaliana juu ya utawala wa mwisho wa Sudan. Kifungu cha 159 kilichotangulia kilisema katiba inatumika Misri bila kuathiri haki zake Sudan. Yaani ufalme ulizaliwa na katiba yake ikakiri kwamba jina kamili la mwenye kiti bado halijajulikana. Ndiyo sababu kile cheo kirefu cha Nubia na Kordofan hukikuti humo: nafasi yake iliachwa wazi kwa makusudi, na ilibaki wazi miaka ishirini na minane.

Katika miaka hiyo kila jaribio la kuijaza liligonga mwamba. Novemba 1924 Sir Lee Stack, gavana mkuu wa Sudan na kamanda wa jeshi la Misri, aliuawa Kairo, na Waingereza wakalitoa jeshi la Misri Sudan. Mkataba wa 26 Agosti 1936, aliotia saini Mustafa Nahas, waziri mkuu wa Misri, ulirudisha askari wachache lakini ukaacha mpango wa 1899 ulivyo. Mwaka 1946 Ismail Sidqi, waziri mkuu wa Misri, na Bevin, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, walikubaliana maneno ya "umoja wa Misri na Sudan chini ya taji moja la Misri", kila mmoja akaenda kwao kuyaeleza kwa namna yake, na mapatano yakavunjika. Tatizo halikuwa uchache wa maneno. Kairo ilisoma "taji" kuwa ni enzi ya kudumu. London, ikisukumwa na maofisa wake wa Khartoum, ilisema Wasudani lazima wabaki na haki ya kuchagua kujitenga.

Nahas huyohuyo aliyesaini 1936 ndiye aliyefika bungeni 8 Oktoba 1951 kuomba mkataba wake ufutwe, na mikataba ya 1899 pamoja nao. Bunge, lililoshikwa na Wafd, chama cha Nahas, likapitisha, na kufikia Oktoba 16 mambo yalikuwa sheria. Vifungu vya 159 na 160 vikaandikwa upya: mfalme sasa aitwe Mfalme wa Misri na Sudan. Sheria nyingine iliahidi Sudan katiba yake yenyewe, itakayotungwa na baraza la Wasudani, ila mambo ya nje, ulinzi, jeshi na sarafu vibaki kwa mfalme.

Tatizo la kwanza lilitokea mahali ambapo wengi hawakutarajia: kwenye hati za mabalozi. Balozi mpya huleta barua kutoka kwa mkuu wake wa nchi, na barua hiyo lazima imtaje mwenyeji kwa cheo chake kamili. Ukiandika "Mfalme wa Misri" tu, Kairo haikupokei. Ukiandika "na Sudan", umekubali dai ambalo Uingereza inalikataa. Marekani, iliyokuwa ikitaka Misri iingie katika mipango yake ya ulinzi wa Mashariki ya Kati, iliisihi London mwaka 1952 itafute maneno ya kukitambua cheo kwa masharti. Uingereza ikashikilia kwamba Wasudani waulizwe kwanza. Msimamo huo ulikuwa na unafiki wake, maana haikuwahi kuwauliza kuhusu utawala wake, lakini kwa hoja ulikuwa mgumu kujibu.

Wasudani wenyewe hawakuwa na sauti moja. Chama cha Umma cha Sayyid Abd al-Rahman al-Mahdi, mtoto wa Mahdi, hakikutaka kusikia habari za taji la Kairo. Chama cha Ashigga cha Ismail al-Azhari, kikiungwa mkono na wafuasi wa Sayyid Ali al-Mirghani, kiongozi wa tarika ya Khatmiyya, kilitaka umoja na Misri, ingawa wengi wa watu wake waliuona kama ngazi ya kumwondoa Mwingereza. Baraza la Khartoum lilipinga uamuzi wa Kairo, na gavana mkuu Sir Robert Howe akaendelea na kazi.

Farouk hakupata nafasi ya kukivaa cheo kwa raha. Mapigano ya Ismailia na moto wa Kairo vilikuja Januari 1952, siku kumi baada ya mrithi wake kuzaliwa. Julai 23 maofisa wa jeshi wakachukua nchi, na Julai 26, katika kasri la Ras al-Tin, Iskanderia, akasaini Amri ya Kifalme namba 65. Kama unatafuta hati iliyo na cheo hicho katika matumizi yake mazito kabisa, ni hiyo ya kuachia kiti: inaanza kwa kumtaja Farouk wa Kwanza, Mfalme wa Misri na Sudan. Saa kumi na mbili jioni akaondoka kwa meli ya Mahrousa, ileile iliyomchukua babu yake Ismail mwaka 1879, na akapigiwa mizinga ishirini na mmoja. Vyeo vya pasha na bey vilifutwa siku nne baadaye, lakini cha mfalme kiliachwa, kikashikwa na baraza la walezi kwa niaba ya mtoto, aliyeitwa Ahmad Fuad wa Pili.

Kilichofuata huandikwa kwa haraka mno vitabuni. Muhammad Naguib, kiongozi wa maofisa hao, aliyezaliwa Khartoum na aliyeijua Sudan kuliko mwanasiasa yeyote wa Kairo, aliona kwamba dai la taji ndilo linaloipa Uingereza kisingizio cha kubaki. Akaliweka kando, akazungumza na vyama vya Sudan vyenyewe, Umma kikiwemo, na 12 Februari 1953 akasaini na Uingereza makubaliano ya Wasudani kujitawala kisha kuamua hatima yao. Kwa hiyo kuanzia Februari hadi Juni 1953 Misri ilikuwa na mfalme "wa Misri na Sudan" ambaye serikali yake imekwisha kukubali kwa maandishi kwamba Sudan huenda isiwe yake. Uchaguzi wa Sudan mwaka huo ulishindwa na watu wa umoja wakiongozwa na al-Azhari, na ni hao hao waliotangaza uhuru kamili 1 Januari 1956.

Juni 18, 1953 ufalme ukafutwa, Naguib akawa rais. Hakuna mfalme aliyewahi kuapishwa kwa cheo cha Misri na Sudan: Farouk alikula kiapo bungeni Julai 1937 kama Mfalme wa Misri, na mwanawe hakuwa na umri wa kuapa chochote. Kwa hiyo unapoandika maelezo chini ya stempu zako, Farouk ni "Mfalme wa Misri" kuanzia 1936 hadi 15 Oktoba 1951, kisha "Mfalme wa Misri na Sudan" hadi Julai 26, 1952. Stempu zenye mistari mitatu ziandike chini ya Jamhuri, hata kama chini ya mistari bado unasomeka ufalme.